Uvae nini kwenye mashindano ya chesi Dodoma: nimezipanga kuanzia ya kununua leo mpaka ya kuacha nyumbani

Kila mashindano yakikaribia napigiwa simu hiyohiyo. Dogo kashakariri Sisiliani, ile namna ya kufungua gemu, mpaka hatua ya kumi na mbili, ila Ijumaa usiku ndo anakumbuka kuuliza, kaka kesho navaa nini? Sasa nimeamua niandike mara moja, mtu akiuliza namtumia hii.

Kitu watu wanasahau ni kwamba chesi unacheza umekaa. Ukienda kununua nguo unaijaribu umesimama, unajigeuza mbele ya kioo, umependeza, unalipa. Sasa chukua gemu ndefu ile ya dakika 90 kwa kila mchezaji na sekunde 30 za nyongeza kila hatua: mkifika hatua ya 40 na wote mmetumia muda wenu wote, hiyo ni dakika 110 kwako na 110 kwa mwenzio, yaani saa tatu na dakika arobaini mmeinamia ubao. Hata kama ni rapidi, zile gemu fupi, raundi tano au sita kwa siku unakaa mpaka kiuno kinajua. Kwahiyo mi nikienda mtumbani naomba pa kukaa. Kuna jamaa wa suruali za kadeti pale soko la Majengo siku ya kwanza alinicheka, akageuza ndoo nikakaa juu yake, nikainama kama naangalia ubao, dakika kama tatu hivi. Kadeti mbili zilifeli palepale, ya tatu nikaichukua.

Hii nimejifunza kwa aibu. Niliwahi kununua suruali ya kitambaa kiuno 32 na mimi sio mtu wa 32, nikiwa nimesimama ilikaa safi tu. Mchana tukala wali maharage, raundi ya tatu nikafungua kifungo chini ya meza ili nipumue, nikaingia kwenye mahesabu nikasahau, alafu nikanyanyuka kwenda kunywa maji. Asee. Nilirudi kukaa haraka sana na sikunyanyuka tena mpaka gemu ikaisha, kiu imenibana, na kete ya ngome nikaipoteza bure kabisa.

Haya, namba moja kwangu: kadeti isiyobana, polo au shati la mikono mifupi, na sweta ya vifungo. Sweta sio urembo. Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai upepo unaingia mpaka kwenye mifupa, mtu katoka Dar na tisheti yake anatetemeka mpaka farasi wa ubaoni anaruka vibaya, alafu ikifika saa saba ukumbi wa bati unaanza kuwaka. Na ukija Oktoba au Novemba ni joto toka asubuhi. Sweta ya vifungo unaivua bila kupitisha kichwani, hupigi mpinzani kiwiko, nywele hazivurugiki, unaiweka kwenye kiti na maisha yanaendelea. Rangi chukua kijivu, kaki, bluu iliyokolea. Nyeupe iache kama unakuja kwa bodaboda, vumbi letu mnalijua, utafika raundi ya kwanza kola ishakuwa ya kahawia. Mimi kadeti nilipata kwa elfu nane, polo elfu tano, sweta elfu saba, zote mtumba na zote nimechagua mwenyewe. Mnada wa Msalato Jumamosi nao una vitu vizuri ukiwahi kabla watu hawajakimbilia nyama, ila Jumamosi yenyewe ndo siku ya mashindano kwahiyo nenda wiki moja kabla.

Namba mbili, shati la kitenge la kushonesha. Linapendeza, linapitisha hewa, na picha za zawadi zinatoka poa. Shida iko kwa fundi, maana fundi akisikia kitenge anataka kukuwekea mkono mpana kama wa mpiga ngoma. Mwambie kabla hajaweka mkasi: mkono uishie juu ya kiwiko na usiwe mpana. Sheria za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, zinasema ukiangusha au kusogeza kete unazirudisha mahali pake kwa muda wako mwenyewe, saa yako ya gemu inaendelea kukatika. Sasa fikiria una sekunde kumi na tano, mkono wa shati umefagia ngome na poni mbili, zile kete ndogo, na unajaribu kukumbuka ile poni ilikuwa mstari wa g au wa h. Mwenzako yeye katulia tu. Na jamani, kitenge cha miraba myeusi na myeupe msishone, kuna mtu nilikaa naye mbele kavaa hivyo, kila nikinyanyua macho naona ubao mwingine umepanda kifuani kwake.

Namba tatu nimeweka jinzi, na najua kuna watakaobisha. Hii jinzi ishakuwa kesi ya dunia nzima. Desemba 2024 kule New York kwenye mashindano ya dunia ya rapidi, Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa zamani, alikuja na jinzi wakati kanuni ya mavazi ilikuwa inakataza, akapigwa faini ya dola 200, yaani kama laki tano hivi za kwetu, akaambiwa akabadili, akasema kesho sio leo, raundi ya tisa hakupangiwa mpinzani, akasusa. Siku mbili tatu mbele FIDE wakalegeza kidogo, akarudi kwenye blitzi, gemu za dakika chache tu, akavaa jinzi tena na akamaliza anagawana ubingwa na Mrusi Nepomniachtchi. Ile jinzi baadaye ilipigwa mnada mtandaoni ikauzwa zaidi ya dola 36,000, hela zikaenda kusaidia watoto. Za kwetu za elfu kumi na mbili hazitafika huko. Huku kwetu sijaona mtu kafukuzwa sababu ya jinzi safi isiyochanika, ila soma tangazo la mashindano kwanza. Kilichonifanya niishushe ni kwamba ile ngumu inakata tumboni ukiinama na mchana inachemsha mapaja. Ukipata yenye kitambaa cha kuvutika kidogo, sawa. Za kuchanika magotini hapana.

Suti namba nne, na hapa Dodoma ndo mtego wenyewe. Huu ni mji wa wabunge, kila kona kuna fundi wa suti na duka la suti, mtu anashawishika anajiona babu kubwa. Suti kwa kukaa saa tatu kwenye ukumbi wa bati ni adhabu, koti linabana mabega ukinyoosha mkono kupiga saa ya gemu, na ukilivua shati limeshalowa. Kama lazima uonekane mheshimiwa, afadhali Kaunda suti ya mikono mifupi, ile ya wazee wetu, nakwambia ukweli ni nguo nzuri ya chesi kuliko suti ya Kizungu, hewa inapita na mifuko ya mbele inakaa kalamu ya kuandikia hatua. Ningeiweka hata namba mbili na nusu. Koti na tai mpe kepteni wa timu au siku ya kupokea kombe.

Mwisho kabisa: jezi, pensi, kapelo na malapa. Jezi ya Simba au Yanga hata kama mwamuzi kanyamaza, kabla saa haijawashwa mshaanza kubishana penati, umeshapoteza nusu ya akili. Kapelo utaambiwa vua tu. Miwani ya jua nayo ya nini ndani ya ukumbi, ingawa ina historia yake: 1959 mchezaji Pal Benko alivaa miwani ya giza kukwepa macho ya mpinzani wake Mikhail Tal, watu walikuwa wanasema Tal anakuroga kwa kukutazama, na Tal naye akatoa miwani ya kuazima akavaa. Wale walikuwa Tal na Benko lakini.

Kwa dada zetu, kadeti ileile au gauni la kitenge lililokatwa kwa nafasi kiunoni. Hijabu haina shida, ila chagua kitambaa cha kuvutika na ubane na pini vizuri, maana mtandio wa kuteleza ukishuka kwenye ubao ni yaleyale ya mkono mpana. Bangili vua. Zikigonga meza kila ukipiga saa, mpinzani ana haki ya kulalamika.

Viatu sasa, hapa watu hawawazi kabisa. Mashindano ya Kandideti 2024 Toronto, yale ya kumpata wa kumkabili bingwa wa dunia, mchezaji Alireza Firouzja alilalamika mwamuzi kamfuata katikati ya gemu kumwambia aache kutembeatembea, viatu vyake vinapiga kelele kwenye sakafu ya mbao. Huyo ni mtu wa daraja la juu duniani, sembuse wewe na kisigino chako kwenye vigae. Nunua moka ya soli laini au raba ya rangi moja isiyolia nyikinyiki. Dukani usiangalie kwanza, sikiliza: tembea hatua kumi kwenye vigae muuzaji akiwa amenyamaza. Yangu ilikuwa elfu kumi na tano, kwahiyo kichwani mpaka miguuni nilitumia elfu thelathini na tano.

Kuhusu mifuko, epuka kadeti zile zenye mifuko mikubwa pembeni ya mapaja. Sio kwa ubaya wake, ni kwamba utasahau simu humo. Na sheria haina huruma, ukikutwa na simu mwilini wakati gemu inaendelea umepoteza gemu, labda kanuni za mashindano ziwe zimeweka adhabu nyepesi, hata kama ilikuwa imezimwa, hata kama ulikuwa unaongoza malkia mzima. Kama kanuni za mashindano zinaruhusu, simu izimwe kabisa, iingie kwenye begi, na begi likae pale mwamuzi alipokubali. Saa janja acha nyumbani. Mwamuzi anaruhusiwa kukagua nguo zako pia, faragha na mtu wa jinsia yako, kwahiyo mikanda yenye chuma kikubwa cha kufungia na mifuko kumi na minne unajiongezea foleni tu. Sarafu nazo toa, zinalia ukitikisa mguu.

Wiki iliyopita nilipita tena Majengo natafuta kadeti ya pili. Yule jamaa akiniona siku hizi bei hataji kwanza. Anageuza ndoo, anaifuta kwa kiganja, "kaa kaka, kaa ufikirie."