Darasa la jioni la sheria, Ngamiani: mgawo wa nafasi nchini India

Darasa hili, linalofundishwa na wakili mstaafu katika chumba cha kukodi hapa Ngamiani, Tanga, ni miongoni mwa huduma chache mjini zinazompa asiye mwanasheria fursa ya kusoma hukumu yenyewe badala ya kuhadithiwa. Mada ya safari hii ilikuwa mgawo wa nafasi za masomo na ajira za umma kwa msingi wa tabaka nchini India.

Mwalimu aliandika ubaoni 15, 7.5 na 27, yaani asilimia za nafasi za serikali kuu zinazotengewa jamii za Dalit (wanaohesabiwa najisi tangu kuzaliwa katika mfumo wa matabaka), makabila ya asili na matabaka mengine yaliyoachwa nyuma, kisha akatutaka tujumlishe wenyewe. Jumla hiyo, 49.5, ndiyo iliyotuingiza katika kesi ya Indra Sawhney ya mwaka 1992, ambapo Mahakama ya Juu iliamua kwamba mgawo usivuke nusu ila kwa sababu za pekee, na kwamba katika hayo matabaka mengine, waliokwisha kunyanyuka wasiendelee kunufaika. Mama mmoja aliuliza kama viti maalumu vya wanawake katika Bunge letu ni jambo lilelile. Alijibiwa kwa uangalifu kwamba kote kuwili sheria inamfungulia mlango aliyefungiwa, lakini India inapambana na unyanyapaa wa kuzaliwa, ambao Ibara ya 17 ya Katiba yao iliupiga marufuku bila kuweza kuung'oa vijijini.

Kilichonisikitisha ni kwamba marekebisho ya 103 ya Katiba, ya mwaka 2019, yaliyowatengea asilimia 10 maskini wasiomo katika makundi hayo, yalipitiwa harakaharaka, ilhali hapo ndipo penye uzito. Mwaka 2022 majaji watatu kati ya watano waliyaridhia. Wawili walikataa, kwa kuwa Dalit maskini ameachwa nje ya msaada unaotolewa kwa ajili ya umaskini. Naungana na hao wawili bila kusita, kwani njaa ya Dalit si pungufu ya njaa ya mwingine. Hukumu ya 2024, iliyoruhusu majimbo kuligawa kundi la Dalit ili walio chini kabisa wapate fungu lao, haikuguswa, na ingestahili jioni nzima.

Ada ni shilingi 5,000 kwa kipindi, pamoja na nakala za hukumu. Anayechelewa baada ya swala ya magharibi hukuta viti vimejaa.