Mashine ya kadi za kusema: yasema sana, haingoji

Nlinunua hii mashine ya kadi Biashara Street 1,200, mwanangu alikuwa na miaka miwili na miezi miwili na maneno yake hayafiki kumi, na umri huo wengi wana kama hamsini na washaanza kuunga mawili mawili. Muuzaji akaniapia mwezi mmoja tu mtoto atakuwa kasuku. Waitia kadi kwenye kijitundu, yataja jina la picha. Haina skrini, hilo nlilipenda.

Sasa shida. Ni kizungu tupu, cha puani, tena mbio. Chaji siku mbili imekwisha. Na picha zenyewe, mtu wa theluji! Kwa joto hili la Kisauni nimueleze nini huyu mtoto? Wiki mbili akawa fundi wa kutia kadi na kutoa, neno hata moja hakuna.

Nkampeleka kupimwa masikio (fanyeni hivo kwanza jamani, hata kama mwaona mlango ukigongwa ageuka, asiyesikia vizuri maneno atayashikaje), yakawa sawa, nkaelekezwa kwa dada wa spichi therapi, wale wasaidiao watoto kusema. Nkamuonyesha mashine kwa fahari, akaniuliza, hii humngoja mtoto ajibu? Nkanyamaza. Akanambia niizime, nishike kadi mimi mwenyewe, nitaje mara moja alafu nifunge mdomo nihesabu kumi moyoni huku namtizama usoni, akisema "ga" nisimkosoe, nimuongezee tu, "ee, gari, gari kubwa". Kumi ni nyingi wallahi, mimi na huu mdomo wangu nlikuwa sifiki nne.

Basi nikachambua, nimebaki na kadi kama thelathini, ndizi, samaki, kikombe, paka, nyengine ziko juu ya kabati. Bingwa ni nyanyake, yeye humpeleka na kadi ya samaki mpaka jikoni amuonyeshe samaki mwenyewe kwa sufuria, amtajie kwa Kiswahili na kwa Kigiriama. Jirani akasema lugha mbili ndizo zamchelewesha, wapi, mtoto hacheleweshwi na lugha mbili.

Juzi kwa feri pale Likoni akaona lori lashuka, akasema "loi kubwa", peke yake, hakuna aliyemuuliza. Nlilia mbele ya watu.

Mashine naipa 2 kwa 5, kadi 4. Anayetaka mashine bila kadi aje achukue, chaja ipo.