Mwali wa rejea au 2f/1f: leza inayoyumba isahihishwe vipi?

Ukipima methani kwa leza ya diodi karibu na nanomita 1653.7, ambako gesi hiyo hufyonza mwanga, jiulize kwanza: nguvu ya mwanga inayumbia wapi?

Kama inayoyumba ni leza yenyewe, mwali wa rejea (sehemu ya mwanga isiyopita kwenye sampuli) unatosha. Kigawanya mwali kimoja, fotodiodi mbili za aina moja, kisha gawanya ishara ya sampuli kwa ya rejea. Kwa seli iliyofungwa ya maabara ndiyo njia nafuu na rahisi kukagua. Ila vumbi likituama kwenye dirisha la upande wa sampuli, fotodiodi ya rejea haioni kitu na kosa linabaki lote.

Kwenye bomba la moshi lenye masizi na mtikisiko, 2f/1f inashinda waziwazi. Fotodiodi ni moja. Mkondo wa leza huchezeshwa kwa wimbi la sinusi, tuseme kilohezi 10, na hamoniki ya pili (2f, sehemu ya ishara yenye masafa mara mbili ya wimbi hilo) hugawanywa kwa ya kwanza (1f, yenye masafa yaleyale). Zote mbili hupanda na kushuka pamoja na mwanga, hivyo upungufu hujifuta. Gharama iko kwenye elektroniki na urekebishaji: kina cha uchezeshaji (kiasi rangi ya leza inavyosogea kila upande) kiwe karibu mara 2.2 ya nusu ya upana wa mstari wa ufyonzaji (ukanda mwembamba wa rangi ambayo gesi hufyonza), ukipimwa katikati ya kimo chake. Presha ikipanda, mstari hupanuka na kipimo hupotoka, kwa hiyo pima presha na joto pia. Ishara ya usuli (inayobaki hata pasipo methani) ipatikane kwa nitrojeni safi, iondolewe.

Mwanga unaodunda kati ya nyuso za kioo hautibiwi na njia yoyote kati ya hizi mbili; weka madirisha yaliyokatwa kimshazari.