Uzoefu wangu wa kuweka data za mwani Zenodo

Nimekuwa nikitumia Zenodo, ghala la mtandaoni la data za utafiti, kwa miaka kadhaa sasa, na humo nimeweka seti tatu za data kuhusu kilimo cha mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja: vipimo vya joto la maji, madaftari ya mavuno ya wakulima, na mahojiano. Ninamwandikia mtafiti mwenzangu, hasa mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyeambiwa na jarida au na mfadhili kwamba data zake lazima ziwe wazi, naye hajui aziweke wapi wala zitasomwa na nani. Swali la kwanza lina jibu jepesi. La pili limenichukua miaka.

Zenodo ilianza mwezi Mei 2013. Iliasisiwa na CERN, ile maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kwa kushirikiana na mradi wa Ulaya uitwao OpenAIRE, na jina lake limetokana na Zenodotus, mkutubi wa kwanza wa maktaba ya Alexandria. Wanafizikia walikwisha kujenga mitambo ya kuhifadhi data nyingi mno za majaribio yao, na data za fani nyingine zote zinazowekwa Zenodo hukaa kwenye mitambo ya maabara hiyo hiyo. Haimtozi mwenye kuweka hata senti. Rekodi moja inaweza kubeba hadi GB 50 katika faili zisizozidi 100, kiasi ambacho mtu wa mwani kama mimi hatakifikia maishani. Vipimo vyangu vyote vya joto, vilivyochukuliwa kila baada ya dakika 30 kwenye vituo vinne, havikujaza hata sehemu ndogo ya hapo.

Kabla ya kuichagua niliangalia kwingine. OBIS ni mahali pazuri kwa kumbukumbu za viumbe wa baharini, na GenBank ni ya mfuatano wa vinasaba. Kila moja ina umbo lake ambalo data lazima zilifuate, na faida ya umbo hilo ni kwamba wataalamu wa fani husika huelewana bila kuulizana. Dryad inapokea fani mbalimbali na ina watu wanaokagua kila seti kabla haijachapishwa, lakini ina ada. Data zangu zilikuwa mchanganyiko usioingia vizuri popote: joto la maji ni fizikia, ukuaji wa mwani ni biolojia, bei ya kilo ni uchumi, na maelezo ya wakulima ni jambo jingine kabisa. Nilihitaji ghala lisiloniuliza wewe ni wa fani gani.

Kuweka chenyewe ni kazi ya saa moja. Unafungua akaunti, unaweza hata kuingia kwa ORCID, namba yako ya utambulisho wa mtafiti, unapakia faili, kisha unajaza fomu yenye kichwa cha rekodi, waandishi, muhtasari, leseni na maneno ya kutafutia. Jambo lililonifaa sana ni kwamba unaweza kuomba namba ya DOI, yaani utambulisho wa kudumu wa rekodi, mapema, kabla ya kuchapisha, ukaiandika ndani ya makala yako unayoipeleka kwenye jarida, kisha rekodi ikachapishwa baadaye kwa namba ile ile. Faili za CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu, msomaji anaweza kuzichungulia bila kuzipakua. Fomu iko kwa Kiingereza, lakini inakuruhusu kutaja lugha ya data na kuongeza kichwa na muhtasari kwa lugha nyingine, nami sijui kwa nini watafiti wetu wengi hawaitumii nafasi hiyo. Ukitafuta humo utakuta pia seti ya habari za Kiswahili zilizokusanywa kwa ajili ya kufundishia kompyuta lugha yetu, ikiwa jirani na data za darubini na za majaribio ya chembe ndogo za maada.

Sasa nije kwenye lililonikuta, ambalo ni kosa langu wala si la Zenodo.

Safu moja ya jedwali la madaftari niliipa jina «saa», yaani saa ambayo mkulima alishuka shambani. Wakulima waliandika kama tunavyosema sote: saa 3 asubuhi, saa 4, saa 4 na nusu. Nilipokuwa nikihamisha madaftari kwenye kompyuta niliandika 3:00, 4:00, 4:30, na neno asubuhi nikaliacha kwa kuona halina kazi, maana nani asiyejua kwamba mwani huvunwa mchana? Wenzangu wawili walilipitia jedwali lile na hakuna aliyeona kosa, kwa sababu sisi watatu tulilisoma kwa Kiswahili ingawa vichwa vya safu nyingine vilikuwa vya Kiingereza. Baada ya miezi kadhaa nikapata barua pepe kutoka kwa mtaalamu wa mikondo ya bahari nisiyemfahamu, akiuliza kwa adabu iwapo wakulima wangu huvuna kwa kupiga mbizi, tena usiku. Alikuwa amelinganisha saa zangu na majedwali ya kupwa na kujaa, akakuta kwamba kila bamvua, siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida, wanawake wa vijiji vya Jambiani na Paje wanaingia shambani saa 9 na saa 10 za usiku, maji yakiwa yamejaa pomoni, mahali ambapo tofauti kati ya kupwa na kujaa hufika karibu mita 4.

Nilicheka kwanza, kisha nikaona aibu. Wakati wa bamvua maji yetu hutoka sana kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, na ndipo wanawake wanaposhuka. Kati ya kupwa na kujaa pana muda wa saa 6 na ushei. Kati ya saa tunayoitaja kwa Kiswahili na saa iliyoandikwa kwenye simu pana saa 6 kamili. Kwa hiyo uzembe wangu uligeuza kila kupwa kuwa kujaa, jambo ambalo mtu wa bahari huliona mara moja. Tofauti ingekuwa ya saa 12 huenda lisingeonekana kamwe, na makala za watu zingeandikwa juu yake. Baya zaidi, vipimo vya joto katika seti nyingine vilikuwa kwa saa ya kimataifa, na mtu aliyeziunganisha seti hizo mbili angedhani wakulima wanavuna wakati maji yako baridi, kumbe wamo ndani ya maji ya moto yanayouunguza mwani.

Hapa ndipo nilipoupenda utaratibu wa matoleo. Rekodi ikishachapishwa, njia ya kawaida ya kurekebisha faili ni kutoa toleo jipya, ambalo hupata DOI yake, huku DOI moja ya jumla ikiwaelekeza wasomaji kwenye toleo la karibuni. Toleo langu la kwanza halikufutwa. Liko pale pale na saa zake za usiku, na aliyelitumia anaweza kulitaja kwa namba yake ili wasomaji wake wajue ni lipi. Mwanzoni nilitamani litoweke, kama mwanafunzi anavyotamani kuchana karatasi yenye alama mbaya. Lakini yule mtaalamu alikuwa amekwisha kupiga mahesabu kwa kulitumia, na kama lingefutwa asingekuwa na njia ya kumwonyesha yeyote kwa nini matokeo yake yamebadilika.

Barua ya pili ilitoka kwa mchumi. Yeye alitaka kilo na bei tu, na aliposhindwa kuelewa visanduku vitupu katika safu ya kilo alivijaza sifuri vyote. Kwangu sifuri ilimaanisha mwani wote umekufa, mstari mfupi ulimaanisha mkulima hakushuka bamvua lile kwa sababu ya msiba au ugonjwa, na kisanduku kitupu kilimaanisha daftari lililowa maji na maandishi hayasomeki. Hayo matatu nilikuwa nayo kichwani, si kwenye faili. Kwa hesabu yake kaya kadhaa zilionekana zimefilisika katika msimu ambao, nakumbuka vizuri, zilivuna sana.

Mwaka 2016 kundi la wanasayansi lilichapisha kanuni zinazoitwa FAIR, zinazotaka data zipatikane, zifikiwe, ziweze kuunganishwa na nyingine, na zitumike tena. Kwa uzoefu wangu Zenodo inakupa mawili ya mwanzo karibu bure: DOI inapatikana, faili linapakuliwa, kazi imekwisha. Mawili ya mwisho ni mzigo wako, na uzito wake huongezeka kadiri msomaji anavyotoka fani ya mbali. Mwanabiolojia wa mwani angenielewa kwa nusu ukurasa wa maelezo. Kwa mchumi na mtu wa bahari, faili langu la maelezo limefika kurasa tisa, na sehemu kubwa ni mambo niliyodhani hayana haja ya kuandikwa: kwamba kipimajoto kilifungwa sentimita kadhaa juu ya mchanga, kwamba kilo ni za mwani mkavu, kwamba spinosum na cottonii, aina mbili za mwani, zimetenganishwa kwa jina analotumia mkulima na si kwa uchunguzi wa vinasaba.

Zenodo haitakukumbusha lolote kati ya hayo. Hakuna mtu wa kukagua kama safu zako zinaeleweka. Ukipakia jedwali lisilo na vichwa litapokelewa na kupewa DOI kama yale yaliyoandaliwa vizuri. Huo ndio upungufu mkubwa ninaouona, ingawa ni upande wa pili wa kile kilichonivutia. Vilevile hesabu ya waliotazama na waliopakua inakupa idadi bila kukuambia ni nani, kwa hiyo asiyekuandikia na asiyekutaja kwenye makala yake hutamjua. Nimepata barua tatu kwa muda wote huu.

Ya tatu ndiyo iliyonishangaza. Ilitoka kwa mwanaisimu aliyeacha namba zote na kuchukua safu ya mwisho, ile ya maoni, ambayo nilikaribia kuifuta kwa sababu sikuweza kuifanyia takwimu. Wakulima walikuwa wameandika humo mambo kama «maji mafu, hatukushuka», «mwani umeungua», «kaskazi kali, kamba zimekatika». Mimi nilitafuta joto. Yeye alikuwa akitafuta jinsi wanawake wa pwani wanavyoitaja bahari. Tangu siku hiyo sifuti safu kwa sababu tu fani yangu haina kazi nayo.

Lakini si kila safu ni ya kutolewa. Kabla ya kuchapisha madaftari nilirudi ufukweni kuwaeleza wenyewe. Kilimo hiki kilianza kwa biashara mwaka 1989, na waliokibeba tangu hapo wengi wao ni wanawake. Bibi mmoja aliyekuwamo tangu miaka ya mwanzo aliniuliza, «Mwanangu, hayo madaftari yetu yakishawekwa huko, mnunuzi naye atayaona?» Nikamjibu, «Ndiyo, Bibi, atayaona.» Akanyamaza kidogo, akasema, «Basi atajua nani alikuwa na shida akauza rahisi.» Fomu ya ridhaa niliyokuwa nayo haikuwa na swali la namna hiyo, wala Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, niliyokuwa nikiirejea, isingemjibu kwa ufupi alioutaka. Bei sasa zimejumlishwa kwa ufukwe na kwa msimu katika faili lililo wazi, na jedwali la kaya moja moja liko kwenye rekodi yenye mipaka: muhtasari wake unasomwa na wote, faili linaombwa, nami huandika kuuliza ni la kazi gani kabla ya kulitoa. Mahojiano yako hivyo hivyo. Zenodo inaruhusu mpangilio huo bila usumbufu, na kwa anayefanya kazi na watu ningeshauri auamue kabla hajapakia faili la kwanza, kwani kilichokwisha kupakuliwa hakirudi.

Kwa uhifadhi na kwa matoleo ningeipa nyota tano. Kwa kumsaidia mgeni wa fani nyingine aelewe alichopakua, mbili. Sijahama, na sina mpango wa kuhama.

Toleo ninaloliandaa sasa litakuwa na faili la maelezo lililoandikwa kwanza kwa Kiswahili, kisha Kiingereza, na saa zote zitaandikwa kwa namna zote mbili katika safu mbili. Nilipeleka rasimu ya faharasa yake Jambiani wasomewe wenye madaftari. Kwenye neno bamvua nilikuwa nimeandika kwamba siku za kushuka shambani ni tano. Bibi yule akanikatiza: niongeze siku moja ya kuingia na moja ya kutoka, kwa sababu siku hizo maji hayajatoka yote lakini wao wameshafika.