Nyuzi na kasha la gitaa la besi: kipi ununue kwanza, kipi ukiache

Mwenzangu wa bendi alitaka kuuza besi yake akisema imekufa. Noti za chini zilikuwa zinavuma tu bila kueleweka, na akifika freti ya 12 (freti ni zile fito za chuma zilizokatiza shingo) sauti inakwenda kombo hata baada ya kutyuni. Tulipozifungua nyuzi tukakuta upande unaogusa freti umekuwa mweusi, na ukipitisha kucha unahisi vijishimo pale chuma kilipolika. Tukafunga seti mpya. Jioni ile ile akaghairi kuuza. Ndiyo maana mtu akiniambia anataka sumaku mpya za kunasa sauti ya nyuzi au amplifaya kubwa zaidi, namuuliza kwanza nyuzi zake zina umri gani.

Kabla ya kuchagua aina, chukua futi na upime urefu wa uzi kutoka kizingiti cha kichwani hadi kwenye brija, pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa besi. Besi nyingi ni inchi 34, fupi ni inchi 30, na zipo za 32 na 35. Seti ya besi fupi haifiki kwenye vigingi vya kukazia nyuzi vya besi ndefu. Ya ndefu ukiifunga kwenye fupi, sehemu nene ya uzi ndiyo itakayozunguka kigingi, na hapo uzi unaweza kukatika au kukosa utulivu. Urefu huo huandikwa kwenye pakiti, ila wengi hawausomi.

Huu ndio mpangilio wangu wa nyuzi.

1. Za duara, chuma kilichopakwa nikeli. Uzi wa besi una waya wa kati uliozungushiwa waya mwingine. Waya huo wa nje ukiwa duara, sauti inakuwa angavu na ina mlio mrefu. Aina hii ilipata nguvu mwaka 1966, John Entwistle wa The Who aliposhirikiana na kampuni ya Rotosound ya Uingereza kutafuta nyuzi zinazolia kama piano. Nikeli huulainisha ung'avu huo kidogo na haili freti haraka. Kama hujui unataka nini, anza hapa. Utapiga roki, rege, gospo au fanki bila kuhitaji seti nyingine.

2. Bapa. Hapa waya wa nje ni utepe laini, kidole kinateleza bila ule mkwaruzo. Sauti ni nzito, ya mviringo, inakaa vizuri chini ya ngoma. James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown huko Detroit, alitumia nyuzi bapa nene za La Bella na hakuwa mtu wa kuzibadilisha. Nyuzi bapa zinadumu kweli: za duara hupoteza mng'ao ndani ya wiki au miezi, lakini hizi watu hukaa nazo miaka na wakazipenda zaidi kadiri zinavyokomaa. Bei yake huwa juu, na nyingi hukaza shingo kuliko za duara, kwa hiyo huenda ukalazimika kurekebisha chuma cha ndani ya shingo. Ukitaka bapa zilizo laini kwenye kidole, Thomastik-Infeld wanazitengeneza. Kwa besi isiyo na freti mimi ningeweka bapa bila kusita, kwa sababu za duara zinakwangua mbao za shingo.

3. Za duara, chuma kisichoshika kutu. Hizi ndizo kali kuliko zote. Kwa kupiga kwa dole gumba au kwa piki (kijipande cha plastiki cha kupigia nyuzi) zinakata vizuri kwenye bendi yenye magitaa mengi. Freti zako zitalika mapema zaidi, na kidole kitahisi ukwaru. Zinunue ukiwa na sababu.

4. Nusu bapa na zilizofunikwa nailoni. Nusu bapa ni za duara zilizosagwa juu, zinakaa katikati ya duara na bapa. Za nailoni zina mlio unaokaribia besi kubwa ya kusimama. Ni nzuri, ila si seti ya kwanza.

Kama mikono yako inatoka jasho sana, tafuta zilizopakwa utando wa kinga, kama Elixir. Ni ghali zaidi lakini zinakaa muda mrefu.

Kuhusu unene, seti ya kawaida ni 45-65-85-105, yaani sehemu za elfu za inchi. Kwa vidole vinavyoanza, 40-100 inatosha. Kwa besi ya nyuzi tano, hakikisha uzi wa B, ule mnene kuliko wote, ni wa 125 hadi 130. Ukiwa mwembamba zaidi ya hapo unalegea na kupiga freti.

Siku ya kufunga, usikate uzi ukiwa umenyooka. Ukunje kwanza kona kali pale utakapoingia kwenye kigingi, ndipo ukate mbele ya kona. Ukikata bila kukunja, waya wa nje unaweza kufumuka na uzi mpya ukawa mfu siku hiyo hiyo. Acha urefu wa kutosha mizunguko miwili au mitatu, ikishuka kuelekea chini.

Sasa kasha. Nimeona shingo ikivunjika bila besi kudondoka kutoka popote. Ilikuwa imeegeshwa ukutani ndani ya begi jembamba, ikateleza tu ikalala chini. Ufa ulianzia nyuma ya kizingiti, kwa sababu kichwa cha besi ile kilikuwa kimeinama nyuma.

Kwa mtu anayetembea, au anayepanda vyombo vya abiria, namba moja ni begi lenye sponji ya milimita 20 au zaidi, mikanda miwili ya mgongoni, na kizuizi ndani kinachoishika shingo ili kichwa kielee bila kugusa kitu. Namba mbili ni kasha jepesi la povu gumu. Kasha la mbao au plastiki ngumu naliweka la tatu, ingawa ndilo linalolinda vizuri zaidi: linaongeza kilo 4 hadi 6 juu ya besi ambayo tayari ina kama kilo 4. Lakini kama vyombo vyenu vinapakiwa kwenye gari pamoja na spika, lipande namba moja. Begi la kitambaa bila sponji linazuia vumbi tu.

Nenda dukani na besi yako. Ilaze ndani, funga, kisha nyanyua na kutikisa taratibu: ukisikia kichwa kinagonga, liache. Fungua na ufunge zipu yote mara kadhaa, hasa kwenye kona ya chini, maana zipu ndiyo hufa kwanza.