Dukati ya Askofu Mkuu wa Salzburg: Chunguza Ukingo Kabla ya Kununua

Watazamaji wapenzi, sarafu hii ninayoishika kwa ncha za vidole ni dukati ya dhahabu iliyotolewa na Hieronymus Colloredo, askofu mkuu aliyeanza kuitawala Salzburg mwaka 1772, na ambaye Mozart alikuwa mwanamuziki katika utumishi wake. Salzburg ya wakati huo haikuwa jimbo la kanisa tu, bali pia nchi ndani ya Dola Takatifu la Kirumi, na askofu wake mkuu alitoza kodi, alihukumu na kupiga sarafu kwa jina lake mwenyewe, hadi utawala huo ulipofutwa mwaka 1803.

Mamlaka hayo mawili yanaonekana hapa. Upande huu una sura ya mtawala, na upande wa pili una nembo yake chini ya kofia pana ya kikanisa yenye vishada vinavyoning'inia. Kwangu, hiyo kofia ndiyo sababu ya kukusanya sarafu za namna hii badala ya zile za wafalme.

Wanaoifahamu riale ya fedha ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780 iliyotumika sana Zanzibar, watashangaa udogo wa dukati. Riale ina gramu 28 hivi, ilhali dukati ina gramu 3.49 tu, lakini dhahabu yake ni sehemu 986 katika 1000, kiwango kilichowekwa na sheria ya sarafu ya Dola iliyopitishwa Augsburg mwaka 1559. Kwa hiyo anza na mizani ya sonara: ikipungua hata sehemu ya kumi ya gramu, uliza kwa nini.

Sasa sogeeni karibu, kwani hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Dukati nyingi zilivaliwa shingoni kama vidani. Sonara alilehemu kitanzi juu ya kichwa cha mtawala, na miaka mingi baadaye mtu mwingine alikiondoa na kulainisha mahali pake kwa tupa. Ya kwanza niliyoinunua ilikuwa hivyo, na muuzaji hakunieleza lolote. Uzito ulikuwa sawasawa, kwa sababu mabaki ya lehemu yalifidia dhahabu iliyotoka. Izungushe polepole chini ya taa ya pembeni, utazame kama ukingo una sehemu iliyo nyororo kupita kiasi au yenye rangi tofauti kidogo.

Hii ya leo haina alama hiyo. Imepinda kidogo, jambo la kawaida kwa dhahabu laini na nyembamba kiasi hiki, na mikwaruzo ya shavuni ni ya matumizi. Ningeichagua hii kuliko yenye mng'ao wa kusuguliwa, na sitaigusa kwa dawa yoyote ya kusafishia.