Bustani ya shule au safari ya Kaole?

Kwa shule ya msingi ya Dar es Salaam, safari ya magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, hudai basi la kukodi, viingilio, chakula na ridhaa ya wazazi, ilhali bustani huanza kwa majembe, mbegu na maji. Hata hivyo, hakuna tuta litakalomwonyesha mtoto msikiti wa karne ya 13 uliojengwa kwa matumbawe, wala makaburi yenye nguzo. Bustani hushinda kwa marudio, kwani mwanafunzi hupima mche uleule kila wiki. Udhaifu wake ni likizo, maana mchicha haumsubiri mwalimu arudi. Darasa linalojifunza mimea lianzie bustanini. Linalosoma historia, ikiwa wazazi wanamudu mchango, lipande basi.